Umesomea Kuvaa?

Siku niliyotua Dar es Salaam na cheti changu cha uzamili kutoka Milan, Shangazi alinipokea uwanja wa ndege, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akalitoa swali alilokuwa amelitunza tangu siku niliyopanda ndege.

"Kwa hiyo mwanangu, ulikwenda Ulaya kusomea kuvaa?"

"Shikamoo Shangazi. Hapana, nimesomea kuvalisha."

"Marahaba. Mimi nimevalisha watoto sita, tena wengine wakikimbia. Hakuna aliyenipa cheti."

Jibu zuri sina mpaka leo. Nina orodha tu. Nimeihesabu kinyumenyume, kumi mpaka moja, kwa sababu ndivyo nilivyojifunza kozi hii: mwisho ndiyo kwanza unaelewa uliingia kufanya nini.

10. Jina la kazi

Mbunifu anabuni nguo. Fundi anashona. Mwanamitindo anavaa, mpiga picha anapiga, msusi anasuka, mpambaji anapaka. Kazi za wote hao unaweza kuzionyesha kwa kidole. Stailisti ni yule aliyesimama pembeni ya kamera na pini mdomoni, anayeamua koti hili livaliwe na kiatu kile, mkono mmoja ukunjwe, kola isimame, hereni ibaki moja. Mpunga hakulima, bizari hakuuza, lakini pilau likiharibika anaulizwa yeye.

Cheti chenyewe kimeandikwa mambo mawili: stailingi ya mitindo, na mawasiliano ya picha. La pili nadhani liliongezwa ili wazazi wakubali kulipa ada.

9. Masta si masta

Hili lina manufaa, kwa hiyo nitaacha utani kwa aya moja. Nchini Italia kuna kozi inayoitwa "master" ya ngazi ya kwanza: yapata mwaka mmoja, krediti 60. Na kuna "laurea magistrale": miaka miwili, krediti 120, na hiyo ndiyo inayofungua mlango wa udaktari. Zote ukizitaja nyumbani zinasikika "masta". Ukichukua ile fupi ukidhani kesho utaomba PhD, utagonga mlango ambao ufunguo wake hukununua. Soma jina kamili la programu kabla ya kutuma hela, maana ada ya vyuo binafsi vya Milan inanunua kiwanja Kigamboni na ukabaki na ya matofali.

Vyuo vyenyewe si vya jana. Istituto Marangoni ilianzishwa na Giulio Marangoni mwaka 1935, Domus Academy ikaja mwaka 1982. Mji umezoea wanafunzi wenye mabegi makubwa na akaunti ndogo.

"Masta ya ngapi hiyo?" aliniuliza Shangazi kwa simu.

"Ya ngazi ya kwanza."

"Basi malizia ngazi zilizobaki ndiyo urudi."

8. Siku nane za kazi

Ukiingia na viza ya masomo unapewa siku nane za kazi kuomba kibali cha ukaazi. Unakwenda posta, unachukua bahasha yenye fomu, unajaza, unabandika stempu ya euro 16, unapewa risiti na tarehe ya kwenda polisi kuwekewa alama za vidole. Kibali kikitoka kinakuruhusu pia kufanya kibarua saa 20 kwa wiki, ambazo ni nyingi sana ukiwa unazifanya na chache sana siku ya kodi.

Wenzangu wa nchi za Umoja wa Ulaya hawakuwa na foleni hizo. Wiki ya pili walikuwa wameshapiga picha tatu za mitindo. Mimi nilikuwa nimepiga nne, zote za pasipoti. Nyuma peupe, mwanga wa mbele, hakuna tabasamu. Nikisema kweli, ndizo picha zangu safi kuliko zote za mwaka ule.

7. Barthes anakutana na kanga

Kozi yoyote ya namna hii itakufikisha kwa Roland Barthes, Mfaransa, na kitabu chake cha mwaka 1967 kiitwacho Système de la mode. Bwana huyu aliyachukua magazeti ya mitindo ya Paris, hasa Elle na Le Jardin des Modes, ya kuanzia Juni 1958 hadi Juni 1959, akakaa nayo, na picha hakuzishughulikia. Alisoma maneno yaliyo chini ya picha. Akasema vazi moja lina mwili wa namna tatu: lile lililoshonwa hasa, lile la kwenye picha, na lile la maneno. La maneno ndilo linalokuambia gauni hili ni la wikiendi, lile la chai ya jioni. Na wewe uliyekuwa na kitambaa tu, ghafla una jioni.

Darasa zima lilikuna vichwa kwa majuma mawili. Mimi nilikuwa nacheka chini chini. Nilikotoka, vazi la maneno halisubiri gazeti. Limechapwa kwenye kitambaa chenyewe, ndani ya mji wa kanga, juu kidogo ya pindo la chini, herufi kubwa. Zamani kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazozitumia sasa. Nalo linaitwa jina. Mwanamke wa pwani haulizi bei kabla hajasoma. Kanga yenye ua zuri na jina baya inakunjwa ikarudishwa rafuni, na muuzaji hashangai.

Nikaipeleka ya Shangazi darasani. Imeandikwa MACHO YAKO YAMECHOKA, YAPUMZISHE. Nikatafsiri.

"Hii inasemwa kwa nani?" akauliza mwalimu.

"Kwa jirani."

"Na jirani anajua kuwa anasemwa?"

"Anajua. Ana ya kwake ya kujibu."

Mwalimu alinyamaza, akaivua miwani, akaifuta. Nilipata alama nzuri katika somo hilo, na sehemu kubwa ya alama hizo ni mali ya mtaa wetu wa Temeke.

6.

Namba sita haipo. Iliazimwa kwa picha, imerudi shoruumu. Tuendelee.

5. Sanduku

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakuwahi kufanya kazi hii. Katika stailingi hakuna nguo isiyo ya kuazima. Gauni unaloliona gazetini halikununuliwa na mtu. Liliombwa kwa barua, likachukuliwa ofisi ya habari ya kampuni, likaorodheshwa mstari kwa mstari, likapigwa picha, na kesho yake asubuhi lazima liwe limerudi, kwa sababu mchana linakwenda Paris na jioni linahitajika na mtu ambaye gazeti lake ni kubwa kuliko lako.

Barua hiyo ndiyo kila kitu. Inasema gazeti gani limekutuma, picha zitatoka toleo lipi, nani atalipa nguo ikiungua. Mwanafunzi hana gazeti. Kwa hiyo mwanafunzi anaandika barua 30 na kujibiwa mbili, moja ikiwa ya kumwambia ameandika kwa mtu aliyehama kazi. Ndipo unapojifunza kuazima kwa wabunifu wachanga wenye njaa ya picha kama wewe, kwa bibi wa ghorofa ya chini mwenye kabati la miaka ya 1960, na kwa soko la vitu vya kale linalopangwa kando ya mifereji ya Navigli kila Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Hapo sokoni niliwazidi wote. Mtu aliyelelewa na soko la Karume, akaamka alfajiri kuwahi belo linapopasuliwa, hafundishwi kupekua. Mkono wangu unajua sufu na unajua nailoni hata giza liwepo. Wenzangu walikuwa wanatazama rangi. Mimi nilikuwa nageuza nguo ndani nje kutazama mshono wa bitana na kwapa. Tofauti ni bei na jina tu. Karume ni mtumba. Milan ni "hazina ya kumbukumbu", na muuzaji amevaa skafu.

Kisha kubeba. Shoruumu nyingi ziko upande wa Via Tortona, ng'ambo ya reli ya Porta Genova, na barabara za Milan zimejaa mawe na reli za tramu zilizowekwa makusudi, nina hakika, na mtu anayechukia magurudumu ya masanduku. Shati la hariri linabebwa kama mgonjwa. Viatu, kabla hata havijavaliwa, unavibandika selotepu chini ya soli ili visichubuke, maana kiatu kilichochubuka ni chako, hata kama ni saizi 37 na wewe unavaa 41.

Shangazi aliwahi kunipigia nikiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi, njia ya kijani, nimekumbatia mifuko saba.

"Uko wapi?"

"Nabeba nguo, Shangazi."

"Za nani?"

"Za watu."

Akakaa kimya. Baadaye nilisikia alimwambia Mama kwamba nimepata kazi ya dobi.

4. Majina ya herufi ndogo

Fungua gazeti lolote la mitindo. Jina la mwanamitindo utalikuta, la mpiga picha utalikuta. La stailisti liko pembeni, herufi za ukubwa wa sisimizi. Maktaba ya chuo ndiyo iliyonifundisha kuyatafuta.

Kuna Ray Petri, aliyevalisha vijana wa London miaka ya 1980 na kundi lake la Buffalo: jaketi la rubani juu ya sketi, mwanamume mwenye mabega ya bondia na kofia ya mzee. Alifariki mwaka 1989, na bado kila msimu kuna mtu anamnakili akidhani amebuni. Kuna Grace Coddington, aliyeanza kama mwanamitindo, akaingia Vogue ya Marekani mwaka 1988 na kukaa miongo. Kuna Anna Piaggi wa hukohuko Milan, nywele za buluu, kofia juu ya wazo, kurasa mbilimbili katika Vogue Italia alizozipanga kama sinia la sikukuu. Alikuwa akitoka nyumbani hivyo hivyo kwenda kununua mkate. Namwelewa. Ana undugu na Shangazi.

Lakini nililokaa nalo ni toleo la Vogue Italia la Julai 2008. Mhariri Franca Sozzani aliamua picha zake za mitindo ziwe za wanamitindo weusi, baada ya misimu ambayo majukwaa yalikuwa meupe kama unga wa sembe. Steven Meisel alipiga: Naomi Campbell, Liya Kebede, Alek Wek, Jourdan Dunn na wengine. Nakala ziliisha madukani, likachapwa tena. Aliyevalisha ni Edward Enninful, mzaliwa wa Ghana aliyekulia London, ambaye alipewa ukuu wa mitindo wa jarida la i-D akiwa na miaka 18, na mwaka 2017 akawa mhariri wa Vogue ya Uingereza.

Nakala ya maktaba ilikuwa imelegea kwenye uti. Mwenzangu mmoja aliniuliza natafuta nini humo siku zote. Nikamwambia natazama mikono: namna alivyokunja vitambaa, namna glovu inavyoishia. Sikumwambia kwamba natafuta pia Agosti 2008 ilikuwaje. Julai moja haifanyi mwaka. Na mwaka huohuo wa 2008, hakuna darasani aliyekuwa akijua, Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week pale Dar es Salaam. Nilipowaambia, waliandika kwenye madaftari. Mmoja aliuliza kama wanauza tiketi mtandaoni.

3. Ubao wa picha na simba wake

Kabla ya kupiga chochote unatengeneza ubao wa picha: vipande vya magazeti, vitambaa, rangi, jina la filamu ambayo hukuimaliza. Kazi ya ubao ni kuwafanya watu sita wenye vichwa tofauti waone kitu kimoja.

Mwenzetu alituletea ubao wenye mbuyu, simba, jua linalozama na mwanamke wa shingo ndefu.

"Nchi gani hii?" nikauliza.

"Afrika."

"Mimi natoka huko. Simba nimewaona kwenye jezi tu."

Hakuelewa, na sikuwa na nguvu za kumweleza mtu wa Ulaya habari za watani wa jadi wa Kariakoo.

Aliyenisaidia kumjibu vizuri ni mzee wa mji huohuo, Bruno Munari, aliyezaliwa Milan mwaka 1907, na kitabu chake cha 1968 kuhusu usanifu na mawasiliano ya picha. Munari anagawa ujumbe katika mafungu mawili. Wingu angani linakuambia mvua inakuja, lakini halikukusudia kukuambia. Hilo ni la bahati. Moshi unaopigwa makundi makundi kilimani kwa blanketi ili mtu wa mbali asome ni wa kukusudia. Simba wa yule bwana alikuwa wingu: aliokotwa kwa sababu alikuwa yuko angani siku zote. Stailisti analipwa kwa moshi.

Nilipompigia Shangazi nikamwuliza: kanga ikianikwa kwenye kamba, maandishi yametazama mlango wa jirani, hilo ni wingu au moshi?

"Inategemea," akasema, "na kama ilikuwa chafu."

2. Mbele sultani, nyuma pini arobaini

Nguo za sampuli zinashonwa saizi moja, na saizi hiyo si ya binadamu unayemjua. Mwanamitindo wako, kwa kuwa huna hela, ni mwanafunzi wa sheria anayependa kupigwa picha. Gauni halifungi mgongoni. Au koti ni pana kiasi cha kuingiza watu wawili. Hapo ndipo vibanio vinapoingia: unalivuta koti nyuma, unalibana kwa vibanio vya karatasi mpaka mbele linakaa kama limeshonewa yeye. Gauni lisilofunga linapigwa picha kwa mbele tu. Kola inasimama kwa selotepu ya pande mbili. Kitani unakipiga pasi ya mvuke, na kinakunjamana ukikitazama.

Mtazamaji akizunguka nyuma ya picha yoyote nzuri ya mitindo atadhani ni ajali ya stesheneri.

Mpiga picha atasema, "Hilo tutalirekebisha kwenye kompyuta." Usikubali. Anayerekebisha kwenye kompyuta ni mtu mwingine, saa nane usiku, na anakutukana kwa jina.

Baada ya picha nilipita Via Monte Napoleone, mtaa ambao ripoti ya Cushman & Wakefield ya mwaka 2024 iliutaja kuwa wenye kodi ya maduka ghali kuliko yote duniani. Nilisimama kwenye kioo cha duka moja. Mwanasesere amevaa koti zuri ajabu. Nikainama, nikachungulia pembeni. Mgongoni, pini tatu.

Nilikwenda nyumbani nimefarijika sana.

1. Kwa nini?

Kwenye mtihani wa mwisho unabandika picha zako ukutani mbele ya walimu na wageni, unasimama, nao wanauliza neno moja: perché. Kwa nini kofia hii? Kwa nini mkono wa kushoto? "Inapendeza" si jibu. Nimeona mtu akilia kwa "inapendeza".

Picha zangu zilikuwa sita. Kijana amevaa kanzu, kofia ya kudarizi na koti la sufu nililolipata Navigli, amekaa ndani ya tramu ya njano ya Milan, zile za muundo wa mwaka 1928 ambazo bado zinatembea. Koti juu ya kanzu nililitetea kirahisi: babu yangu alivaa hivyo kila Ijumaa, na hakuna Mtaliano aliyemshauri. Kofia, sawa. Tramu, sawa.

"Na kwa nini raba nyeupe?"

Ukweli ni huu. Yalikuwa yawe makubadhi. Niliyabeba kutoka nyumbani, nikayafunga kwenye gazeti, na asubuhi ya picha mkanda ukakatika kwenye ngazi za tramu. Raba zilikuwa za kijana mwenyewe. Alikuja nazo.

Nikavuta pumzi. Nikasema kanzu inasimama, raba inakwenda. Nilitaka mwili wa juu ubaki Ijumaa na miguu iwe Jumatatu. Nikasema weupe wa raba unaurudisha weupe wa kanzu chini, ili jicho lisitoke nje ya tramu. Nilipokuwa nikisema, niligeuka kuzitazama picha, na Mungu ni shahidi, lilikuwa kweli. Jicho halitoki. Wingu lilikuwa limekuwa moshi mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika blanketi.

Waliandika kwa muda mrefu. Nikafaulu.

Haya yote nilimsimulia Shangazi, pamoja na la makubadhi, ambalo chuoni hawalijui. Alisikiliza akichambua mchele. Kisha akasema binamu yangu ana send-off Desemba, kamati imekwama kati ya zambarau na kijani cha chupa, na kwa kuwa nimesomea, niseme.

"Kijani," nikasema.

"Kwa nini?"

"Inapendeza."

Akaniangalia. Nikaanza upya: ukumbi una taa za manjano, zambarau itageuka udongo kwenye picha, na dada mwenyewe ngozi yake ni ya maji ya kunde, kijani kitamtoa. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akachambua punje mbili zaidi, akasema nimesema vizuri, na kwamba kamati itanipa usimamizi wa mavazi yote.

Sherehe ilipoisha saa sita usiku alinifuata nyuma ya jukwaa na sanduku la magurudumu. Ndani mlikuwa na mikufu, vilemba na viatu jozi nne.

"Vya Mama Zuhura hivi, vya kuazima. Saa mbili asubuhi viwe kwake. Na hiki kiatu kimoja kimechubuka, utajua mwenyewe utamwambiaje."